Eunice Aliposhukuru kwa Kuachishwa Kazi

Siku Eunice alipoachishwa kazi, alimshukuru bosi wake kwa mikono miwili, huku amepiga goti kidogo kama alivyolelewa. Akamwombea na baraka za Mungu. Kisha akatoka ofisini akiwa na furaha, akaenda kuanua ovaroli kabla mvua haijazikuta kwenye kamba.

Alikuwa dobi. Kambi aliyofanyia kazi ilikuwa upande wa Ngaka, kunakochimbwa makaa ya mawe, lakini haikuwa ya wachimbaji wenyewe. Ilikuwa ya kampuni ndogo iliyokuwa na kandarasi ya kutengeneza malori na mitambo. Mafundi walirudi jioni weusi kwa vumbi la makaa na grisi, wakavua ovaroli zao na kuzitupa kwenye pipa la bluu mlangoni pa kibanda cha Eunice. Asubuhi yeye huziloweka, huzisugua kwa brashi juu ya sakafu ya saruji, na maji hutoka meusi, kisha ya kijivu, kisha meupe. Kabla ya kuloweka alipekua kila mfuko. Alitoa humo simu, noti zilizokunjwa, picha za watoto, mara moja hata pete ya ndoa, na kila kitu alikipeleka kwa mwenyewe. Kazi yake aliipenda. Mikono ilikuwa imeota sugu, mgongo ulilalamika wakati wa masika, lakini mshahara wake ndio uliomsomesha Glorious, binti yake, na ndio uliobadilisha nyasi za nyumba yao huko Liuli kuwa bati.

Pale kambini wakubwa walizungumza Kiingereza. Wengine wote walizungumza Kiswahili, na wenyeji wakiwa peke yao hurudi kwenye Kimatengo, ambacho Eunice, mtu wa ziwani, alikielewa nusunusu. Kiingereza chake kilikuwa cha kibandani: safi, chafu, leo, kesho, tayari, nenda, njoo. Kilimtosha. Kukiwa na jambo refu, afisa utumishi, kijana mmoja mpole aitwaye Augustino, alikuja kumtafsiria.

Siku hiyo Augustino alikuwa amesafiri kwenda Dar es Salaam. Aliyemwita Eunice ofisini ni Henry, mhandisi kutoka Ghana aliyeachiwa uangalizi wa kambi. Alikuwa mtu mkubwa wa mwili na mwenye sauti ya chini, ambaye hata akimkemea fundi hufanya kama anamwomba radhi. Alimkaribisha Eunice kwenye kiti, jambo ambalo halijawahi kutokea, akazungumza kwa muda mrefu huku akiizungushazungusha kalamu mezani.

Eunice alisikiliza kwa makini na kuokota yale aliyoyajua. Alisikia asante. Alisikia kazi nzuri. Alisikia mwisho wa mwezi. Na mara mbili alisikia maneno matatu yaliyofuatana, "let you go", ambayo kila moja alilijua: kuruhusu, wewe, kwenda. Akayaunganisha kichwani, yakakaa sawasawa. Wiki chache nyuma alikuwa amemwomba Augustino likizo, maana Glorious alikuwa anapewa kipaimara na Askofu angefika Liuli mwenyewe. Basi ndiyo haya majibu. Wanamshukuru kwa kazi nzuri, na wanamruhusu aende mwisho wa mwezi.

"Thank you, sir," alisema, akasimama. "Thank you very much. God bless you."

Henry alimtazama, macho yakamlowa. Aliinuka naye, akampa mkono.

Jioni ile na siku zilizofuata Eunice aliona watu wamebadilika. Mafundi walimsalimia kwa heshima ya ajabu. Mpishi alimpakulia nyama kubwa. Siku ya kuondoka walimchangia: sukari, miche ya sabuni, doti ya kitenge chenye ndege wa njano. Dereva mmoja wa lori, mtu wa kelele nyingi, alimtakia safari njema kwa sauti ya chini. Eunice alifikiri ni kwa ajili ya kipaimara, akawaahidi kumfikishia mtoto salamu zao. Walitazamana, wakasema amina.

Kipaimara kilifana. Askofu alimwekea Glorious mikono kichwani, kwaya ikaimba mpaka sauti zikakauka, na nyumbani kulikuwa na wali na samaki aina ya mbasa kwa kila aliyefika. Eunice alivaa kitenge kipya. Kila aliyemuuliza alimjibu kwamba yuko likizo, na neno hilo lilikuwa tamu mdomoni, kwa sababu pale kijijini wenye kazi za likizo walikuwa walimu na wauguzi tu. Mama mkwe wake, Bi Dorothy, aliyekaa nyumba ya pili, alilirudia neno hilo kanisani kwa sauti ya kusikika: "Mkwe wangu yuko likizo."

Likizo ilipomalizika, Eunice alifungasha, akapanda pikipiki hadi Mbamba Bay, akapanda basi lililozipanda kona za milima hadi Mbinga, akaunganisha gari la Ngaka. Alifika getini jua likiwa bado kali. Mlinzi alimfungulia mlango mdogo, akatabasamu.

"Mama Glorious! Umesahau kitu?"

"Sijasahau kitu. Nimerudi kazini."

Mlinzi akaacha kutabasamu. Aliyaangalia mabuti yake, akaliangalia begi la Eunice, akayaangalia tena mabuti.

"Mama," alisema, "jina lako halipo tena. Si waliachana na wewe?"

"Nani aliachana na mimi?"

"Bosi Henry. Si alikuita akakuambia? Mwenyewe alikuja kutusimulia kantini. Alisema maisha yake yote hajaona mtu anaachishwa kazi na kushukuru vile. Kambi nzima tulikusifu."

Eunice aliliweka begi chini. Aliuliza Henry yuko wapi. Akaambiwa amekwenda kwao Ghana kwa mapumziko. Aliuliza Augustino, akaambiwa amehamishiwa Dar es Salaam. Aliuliza sababu. Mlinzi akasema hilo halijui, na alionekana kusema kweli. Kutoka kibandani kwake ulisikika mngurumo ambao hakuutambua. Hakuwa na la kufanya zaidi, akalibeba begi lake, akarudi barabarani kungoja gari.

Nyumbani Liuli, mume wake, Cuthbert, alikuwa anapanda mihogo alipomwona anakuja njiani na begi. Cuthbert ni mtu wa maneno machache. Ukimkuta anaranda mbao za mabenchi ya kanisa unaweza kukaa naye asubuhi nzima mkazungumza mara mbili. Alisikiliza habari yote akiwa ameegemea jembe.

"Pumzika kwanza," alisema.

Hakuuliza kitu kingine, siku ile wala zilizofuata. Mwanzoni Eunice alishukuru kwa hilo. Baadaye kule kutouliza kukaanza kumchoma, maana hakujua kama mume wake anamwamini au anaogopa jibu.

Bi Dorothy yeye aliuliza. Alikuja asubuhi na ungo wa mchele, akaketi kwenye mkeka, akawa anatoa mawe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu niambie mimi mama yako. Mtu hafukuzwi hivi hivi. Ulichukua nini?"

"Mama, sikuchukua kitu."

"Sikugombezi. Kushika nguo za watu ni majaribu. Niambie tu, nitakuombea."

Angekuja na hasira, Eunice angejua la kumjibu. Lakini alikuja na huruma, na vidole vyake vilivyopinda viliendelea kuchagua mchele polepole, kama mtu mwenye muda wote wa kusubiri toba. Kilichomsumbua zaidi ni kwamba yeye mwenyewe hakuwa na jibu. Mwaka uliopita fundi mmoja alipoteza saa ya mkononi na haikuonekana. Hakuna aliyemtaja Eunice wakati ule. Je, walimtaja baadaye, kwa Kiingereza, mbele yake, naye akawa anatabasamu tu? Kila alipokumbuka lile goti alilompigia Henry na zile baraka za Mungu alizomtakia, uso ulimwaka moto.

Maneno yalizunguka, kama yanavyozunguka mahali ambapo watu wote hutumia njia moja kwenda kanisani na ziwani. Hakuna aliyemwambia kitu usoni. Ila mwanamke aliyekuwa akimpa Eunice nguo za wageni wake amfulie tangu aliporudi, alianza kusema kwamba siku hizi wageni hawaji.

Mwishoni Eunice alimwambia Cuthbert kwamba anakwenda Mbinga kwa Scholastica. Scholastica alikuwa mpishi wa kambi miaka ya nyuma, kabla hajafungua mgahawa wake mdogo karibu na soko la Mbinga. Ni Mmatengo wa Kitura, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kuamsha mtaa, na alikuwa akihitaji mtu wa kuosha vyombo.

"Nenda," alisema Cuthbert. Kisha, Eunice akiwa tayari ameketi kwenye pikipiki, akaongeza: "Mimi sikuuliza kwa sababu najua hukuiba."

Eunice alitaka kumwambia kwamba angeweza kulisema hilo mapema. Dereva akawa ameshaondoa pikipiki.

Scholastica aliisikia hadithi yote jikoni, mwiko mkononi. Alicheka sana hadithi ilipofika kwenye goti na baraka, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga, na kwa mara ya kwanza Eunice naye alicheka. Halafu Scholastica akawa makini.

"Dada, tatizo lako si kazi. Kazi zipo. Tatizo lako ni kwamba hujui ulichoambiwa. Kuna mwalimu parokiani anafundisha Kiingereza cha makazini, jioni jioni, watu wakishatoka kwenye shughuli. Nenda kamuulize."

"Kwa umri huu?"

"Umri huu ndio waliokuachishia kazi, au walikuachisha ukiwa mtoto?"

Mwalimu aliitwa Ottilia. Alikuwa amestaafu sekondari, mwembamba, mkavu, sweta la kijani mwaka mzima kwa sababu ya baridi ya Mbinga. Wanafunzi wake katika ukumbi ule wa parokia walikuwa vijana: wawili waliotaka kazi za migodini, msichana aliyetaka kazi ya hoteli, dereva wa bodaboda aliyechoka kubeba wageni bila kuelewana nao. Utaratibu wa mwalimu ulikuwa kwamba kila mtu aje na neno alilolisikia kazini au alipokwenda kutafuta kazi, nalo lichambuliwe na wote.

Zamu ya Eunice ilipofika, alisimama.

"Mimi nina maneno matatu," alisema. Akayatamka kama alivyoyasikia.

"Wamekuruhusu uende!" alidakia yule wa bodaboda.

"Ndivyo nilivyodhani na mimi," alisema Eunice. "Nikashukuru."

Akasimulia, kwa kifupi, bila kujihurumia. Wale vijana walianza kwa kucheka, na kicheko kikafa chenyewe. Mwalimu Ottilia aligeuka ubaoni akaandika yale maneno kwa chaki, herufi kubwa.

"Hapa hakuna ruhusa," alisema. "Hii ni namna ya kumwambia mtu kwamba hana kazi tena, bila kumwumiza. Waingereza wana maneno mengi ya jambo hili."

"Naomba unifundishe yote," alisema Eunice.

"Yote? Watu huja kwangu kujifunza maneno ya kupata kazi, mama."

"Hayo nitajifunza baadaye. Kwanza haya."

Basi mwalimu akayaandika. "Fired", ambalo ndani yake mna moto. "Sacked", ambalo ndani yake mna gunia, kama mtu anayekabidhiwa mzigo wake aende zake. "Dismissed", la ofisini na mahakamani. "Laid off". "Redundant", ambalo hata yule msichana wa hoteli alilitamka mara nne kabla halijakaa. Eunice aliyatazama yote ubaoni kwa muda, mikono kiunoni, kama alivyokuwa akitazama rundo la nguo asubuhi kabla hajaamua ipi ailoweke kwanza.

"Mwalimu," alisema, "katika haya, lipi lina kosa la mfanyakazi ndani yake?"

Ottilia aliishusha chaki. Alifikiri.

"Swali zuri. Miaka yote nimeyafundisha kama maana moja." Akavuta mstari kati ya maneno. "Haya mawili, la moto na la gunia, ukiambiwa hayo mara nyingi umekosa. Hili la ofisini pia. Lakini 'laid off' halina kosa. Kazi imepungua, au pesa zimepungua, wewe umepunguzwa. Na 'redundant' hivyo hivyo: nafasi yenyewe haihitajiki tena."

"Na lile langu?"

"Lile lako," alisema Ottilia taratibu, "linaweza kuwa upande wowote. Ndiyo maana wakubwa wanalipenda."

Eunice akaketi. Alikuwa amekuja kutafuta jibu, akapewa swali. Lakini swali lenyewe sasa alikuwa analijua kwa lugha ya yule aliyepaswa kulijibu.

Aliendelea na darasa. Mchana aliosha masufuria ya Scholastica huku akitamka maneno kwa sauti, na wateja waliokuja kula ugali na maharage wakazoea kusikia kutoka uani mtu akijihoji na kujijibu. Alijifunza zamu, mshahara, mkataba, majaribio, malimbikizo, msimamizi. Lipo neno moja lililomkasirisha kabisa, "leave", kwa sababu likisemwa hivi ni likizo na likisemwa vile ni kuacha kazi moja kwa moja.

"Lugha gani hii?" alimwambia mwalimu. "Anayekwenda kurudi na anayekwenda kutorudi mnawaita jina moja?"

"Sikuitunga mimi," alisema Ottilia, na wanafunzi wakasema hiyo ndiyo siku pekee waliyomwona akicheka.

Mwezi uliofuata, dereva wa lori aliyesimama kula kwa Scholastica akasema kwamba Henry amerudi. Siku ya pili yake Eunice alivaa kitenge cha ndege wa njano akaenda Ngaka. Mlinzi ni yule yule. Alipiga simu ofisini bila kuombwa mara mbili.

Henry alitoka mwenyewe hadi getini, mikono imefunguliwa.

"Mama Eunice!"

Eunice alimpa mkono. Safari hii hakupiga goti. Aliogopa akipiga goti sentensi itamtoka kichwani.

"Sir," alisema. "Please. Was I fired, or was I laid off?"

Alilitamka kila neno peke yake, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Henry aliivua kofia yake ngumu, akaishika mbele ya tumbo.

"Laid off," alisema. "Mama, laid off." Akaanza kueleza kwa haraka, akaona anampoteza, akaacha. Badala yake alimwashiria amfuate. Mlinzi naye akafuata, maana alijua kidogo kutafsiri na alikuwa na hamu ya kusikia.

Katika kibanda cha Eunice hapakuwa na pipa wala brashi wala kamba. Palikuwa na mashine za kufulia, nyeupe, ndefu hadi kifuani, milango yake ya kioo ikizungusha ovaroli ndani ya povu. Ndiyo ule mngurumo aliousikia siku ile getini. Kampuni, Henry alieleza na mlinzi akatafsiri, ilileta mashine hizi kwenye kambi zake zote, na amri ilitoka juu. Haikuwa saa, haikuwa wizi, haikuwa malalamiko ya mtu yeyote. Yeye Henry alipewa kazi ya kumwambia, akatafuta maneno laini kuliko yote.

Eunice aliweka kiganja kwenye kioo. Kilikuwa cha uvuguvugu. Alikuwa amejiandaa kuumia, na kweli aliumia, lakini maumivu yenyewe yalikuwa mepesi kuliko yale aliyoyabeba tangu siku ya ungo wa mchele. Mashine imechukua kazi yake. Hilo mtu anaweza kulisema kwa sauti mahali popote.

"Kwa hiyo siku ile," Henry alimuuliza kupitia kwa mlinzi, "hukunielewa?"

"I understand 'go'," alisema Eunice.

Henry alicheka, kisha akaacha ghafla na kuufunika uso kwa kofia. Alipoishusha, uso wake ulikuwa wa mtu mwenye aibu. Aliuliza afanye nini. Anaweza kumwandikia barua ya kumsifu, aipeleke popote atakapoomba kazi. Eunice akasema barua ataipokea kwa shukrani, lakini kuna jambo la kwanza. Yuko mama mkwe wake Liuli, hasomi Kiingereza, na hata angesomewa barua asingeiamini. Anataka kusikia kwa masikio yake.

"Bosi ampigie mwenyewe?" aliuliza mlinzi, macho yamemtoka.

"Ampigie mwenyewe. Kwa Kiswahili."

Walikaa kwenye benchi nje ya kibanda, na sasa Eunice ndiye mwalimu. Sentensi aliigawa vipande vipande. Henry alikuwa na akili nyepesi lakini ulimi mzito, na kipande kimoja kilimshinda: kila alipotaka kusema "hakufukuzwa" ilimtoka "amefukuzwa".

"Hapana!" alisema Eunice, akashika kichwa. "Ukisema hivyo umenimaliza. Ha. Ha-ku. Rudia."

"Ha-ku."

"Ha-ku-fu-ku-zwa."

"Hakufukuzwa."

"Tena."

Alimrudisha mara nyingi kama Ottilia alivyokuwa akimrudisha yeye. Kisha akapiga simu ya Glorious, akamwambia ampelekee bibi yake, aweke sauti kubwa. Zilisikika hatua, kuku, mlango.

"Haloo," ilisema sauti ya Bi Dorothy, kwa nguvu, maana aliamini simu inahitaji kupigiwa kelele.

Henry alikaa wima. "Mama, shikamoo."

"Marahaba. Nani wewe?"

"Mimi Henry. Bosi wa Eunice. Mama, Eunice ha-ku-fu-ku-zwa. Hakuiba. Yeye mtu mzuri. Kazi ya kufua kwa mikono imekwisha. Sasa ni mashine. Samahani, Mama."

Kimya kilikuwa kirefu hivi kwamba mlinzi akaitazama skrini kuona kama salio limekwisha. Halafu Bi Dorothy akaanza. Aliuliza ni mashine gani, kwa nini hawakumfundisha mkwe wake kuiendesha, yeye Henry ni mtoto wa nani, ameoa, anasali wapi. Yote kwa mfululizo mmoja, nusu Kiswahili nusu Kinyasa cha ziwani. Henry, ambaye sentensi zake zilikuwa zimekwisha, alimtazama Eunice kwa hofu na kusema kitu pekee alichobakiwa nacho.

"Asante, Mama. Asante sana. Mungu akubariki."

"Amina, mwanangu," alisema Bi Dorothy.

Eunice hakurudishiwa kazi, wala hakuiomba. Alimaliza muhula wake kwa Mwalimu Ottilia, na kwa ile barua ya Henry akapata kazi katika nyumba ya wageni Mbamba Bay, kufua mashuka na kusimamia vyumba. Mwenye nyumba alimsaili kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho, na Eunice alikasirika kidogo, maana alikuwa amekariri majibu yote. Lakini wageni wa Kiingereza wapo, hasa wale wa mradi wa barabara na wa bandari, na mmoja alipomuuliza ilikuwaje akaacha kazi ya Ngaka, alimjibu bila kusita kwamba hakuacha, alipunguzwa, na kwamba hayo ni mambo mawili tofauti. Mgeni akaomba radhi. Siku za mapumziko hupanda pikipiki hadi Liuli, na Cuthbert humngoja kwenye njia panda, akiwa kimya kama kawaida yake, akambebea begi.

Bi Dorothy hajawahi kumwomba msamaha. Ila ile simu aliisimulia kesho yake, na keshokutwa, na Jumapili baada ya ibada, na kila alipoisimulia ilikua. Mwanzoni ni bosi mmoja aliyempigia. Baadaye akawa mkubwa wa migodi yote ya makaa. Mara ya mwisho Eunice aliposikia, alikuwa amesimama nje ya kanisa, na Bi Dorothy alikuwa ndani ya duara la wanawake wenzake, ameinua kidole.

"Kutoka Ghana," alikuwa anasema. "Alilia kwenye simu. Akaniambia, Mama, kama si hizi mashine, huyu mkwe wako nisingemwachia hata kwa dawa. Nikamwambia, mwanangu, usilie, ndiyo maisha. Akasema asante. Ana adabu sana yule kijana, amefunzwa."

"Alisema kwa Kiswahili?" aliuliza mmoja.

"Kiswahili safi," alisema Bi Dorothy. "Kuliko chako."

Eunice alijitanda kanga vizuri, akasogea kuwasalimia.